Tabora Ipi Hiyo?

MWAMVUA: Karibuni. Leo kipindini tuna mambo matatu ya mwanafunzi anayeanza chuo hapa kwetu Tabora mjini: kupanga chumba, maji na usafiri. Lakini Shija, anza na yule binti wa kwenye basi.

SHIJA: Basi natoka Singida, jirani yangu kitini ni binti anakuja kuanza chuo cha Mihayo, hapa mjini. Tukaingia Igunga, kondakta akapaza sauti, "Tabora tumeingia!" Hakudanganya, Igunga ni mkoa wa Tabora. Simu ya mama yake ikaita, binti akajibu, "Nimeshafika Tabora, mama." Kufika stendi ya Nzega namwona kashuka, anadai tranka lake kwenye buti.

MWAMVUA: Nzega!

SHIJA: Jua linazama. Nikamwita, binti yangu, unakwenda wapi? "Tabora si hapa?" Nikamwambia panda urudi ukae, bado zaidi ya kilomita 100.

MWAMVUA: Siku zote nalisema hili mnaniona mkorofi. Tabora ni mji. Ni huu wenye Gongoni, Ng'ambo, Isevya na Kitete. Mtu wa Igunga aseme Igunga, na mtoto wa watu asipotee.

SHIJA: Dada Mwamvua, mimi wa Nzega. Unaninyang'anya Tabora yangu?

MWAMVUA: Nakurudishia Nzega yako, kaka. Wakati wa Mwingereza huku kote kuliitwa Jimbo la Magharibi, makao makuu Tabora. Wakati huo ukitaja Tabora, kila mtu anajua ni mji. Mkoa ndio ulikuja kuazima jina.

SHIJA: Na mji wenyewe je? Wale wapelelezi wa Kizungu, Burton na Speke, walipofika mwaka 1857 waliuandika Kazeh. Mwenzao Stanley alipokuja mwaka 1871 akaandika Unyanyembe, jina la nchi yote hii ya mtemi, Tabora ikiwa makazi mojawapo humo ndani, mwenyewe akakaa Kwihara. Isike aliyepigana na Wajerumani mpaka mwaka 1893 alikuwa mtemi wa Unyanyembe. Umewahi kusikia mtemi wa Tabora? Jina limekuwa likitanuka tangu hapo. Lilipofika Ipuli hukusema neno, limefika Nzega unapiga kelele.

MWAMVUA: Ipuli naenda kwa miguu, Shija! Nzega nakata tiketi. Halafu jina lenyewe chimbuko lake ni hapa hapa. Sisi tumelelewa tukisimuliwa kwamba wapita njia walikuta matobolwa, viazi vitamu vya kukausha, na ndiyo yakazaa Tabora.

SHIJA: Nami nimesimuliwa hivyo hivyo, Nzega, na bibi yangu, tukila matobolwa.

MWAMVUA: Mlikuwa mnakula michembe.

SHIJA: Aa-aa! Hapo sasa umemgusa bibi.

MWAMVUA: Haya, niambie alivyoyatengeneza.

SHIJA: Kiazi kitamu kinachemshwa kwanza, kizima. Kikishaiva kinamenywa, kinakatwa vipande, kinaanikwa juani mpaka kikauke kabisa. Hayo ndiyo matobolwa. Michembe inakatwa mibichi na kuanikwa mibichi. Mtoto wa miaka mitano kwetu anajua tofauti.

MWAMVUA: Hapo sawa. Na mnakulaje?

SHIJA: Tunachemsha tena, tunamimina karanga zilizotwangwa.

MWAMVUA: Kwetu Gongoni tunatafuna makavu. Mtoto anajaza mfukoni anaondoka nayo shuleni, utamu unatoka taratibu. Ukishayachemsha mara ya pili na kuyafunika karanga, umeyaua.

SHIJA: Makavu ni ya safari, dada. Mtu akiwa nyumbani anapika.

MWAMVUA: Na utamu wa jua unaupeleka wapi?

SHIJA: Uko kwenye mchuzi wa karanga! Onja kwanza. Wiki ijayo nakuletea sufuria.

MWAMVUA: Lete, lakini hata yakiwa matamu hayataihamisha Tabora kwenda Nzega.

SHIJA: Simhamishi mtu. Nikiwa Dar es Salaam nikaulizwa kwetu wapi, najibu Tabora, na ni kweli. Baba yangu alijibu hivyo pia. Siwezi kulikata jina hilo kwenye ukoo wangu kwa sababu ya kondakta.

MWAMVUA: Nami siwezi kuukubali usemi unaomshusha binti na tranka usiku, mji asioujua. Kondakta akitamka Tabora, basi liwe limefika stendi ya Tabora.

SHIJA: Aseme "Tabora Mjini", yaishe.

MWAMVUA: Kwa nini mwenye jina ndiye aongezewe mkia? Nyie semeni mkoa wa Tabora.

SHIJA: Hilo halipiti.

MWAMVUA: Na la kwako halipiti.

SHIJA: Dakika mbili zimebaki, naonyeshwa vidole. Vyumba na maji hatujagusa.

MWAMVUA: Sema la usafiri basi, haraka.

SHIJA: Ukishuka stendi mwambie wa bodaboda "chuo cha Mihayo", usiseme Mihayo peke yake. Kuna sekondari ya Mihayo pia, ile ambayo Mwalimu Nyerere alifundisha ikiitwa St. Mary's. Zote zina jina la Askofu Mkuu Marko Mihayo.

MWAMVUA: Na kabla hujapanda pikipiki, patana bei. Kuhusu chumba, usitoe kodi ya...

SHIJA: Tumekatiwa, dada.

MWAMVUA: Usitoe kabla hujaona bomba linatoa maji! Mengine wiki ijayo.