Jinsi ya kuonyesha protini mota zinavyopanga mikrotubuli kwa vijiti vya mishkaki

Mambo vipi wadau, leo narekodi Tabora chini ya mwembe kwahiyo mtanisamehe kelele za upepo. Tafuta vijiti vya mishkaki kumi na mbili, penseli ya duara na mipira miwili ya kufungia hela, basi.

Kijiti ndo mikrotubuli, yaani ule mrija mwembamba wa protini ndani ya seli unaotumika kama reli, ingawa ile ya kweli ina unene wa nanomita 25 tu. Ncha kali tuiite chanya, butu ni hasi, hapo usichanganye maana ukikosea vitu vyote vinaharibika. Juu yake zinatembea protini mota, kinesini na dainini: kinesini wengi wanaenda chanya, hatua ya nanomita 8 kwa ATP moja (molekuli inayotoa nishati kwenye seli), dainini anaenda hasi, kama treni zetu hapa stesheni, hii Kigoma ile Dar. Wote tunawajua kama wapagazi. Sasa je, mzigo alioubeba mpagazi ukiwa ni reli nyingine?

Haya mwaga vijiti mezani hovyo hovyo. Anza na dainini: anang'ang'ania butu ya kijiti kimoja huku anatembea juu ya kingine kuelekea butu yake, kwahiyo anakiburuza mpaka butu zinakutana. Buruza sita hivyo hivyo, funga mpira kwenye butu, ncha zinatawanyika kama spoku za baiskeli. Tengeneza na fungu la pili. Mafungu hayo ndo pande mbili za seli inayojigawa.

Sasa yaelekeze mafungu yako yatazamane, ncha kali zipishane katikati. Chagua kijiti kimoja huku kimoja kule vilivyo sambamba, simamisha penseli katikati yao, vibane kwa vidole afu izungushe taratibu, utaona kimoja kinaenda kushoto kingine kulia na mafungu yanaachana. Huyo ni kinesini-5, ana vichwa viwili huku na viwili kule, anatembea kwenda chanya kwenye vijiti vyote viwili kwa pamoja, na kwa vile vinatazamana ndo vinasukumana. Vikielekea upande mmoja hasukumi kitu, anatembea tu. Penseli yetu hapo inatudanganya kidogo, yenyewe haijui ncha iko wapi, kinesini anajua.

Mwisho toa penseli, sogeza mafungu mpaka butu zote ziwe pamoja na ncha ziangalie nje pande zote. Ndo inavyokuwa seli ikiwekewa monastroli, kemikali iliyotangazwa 1999 inayomzuia kinesini-5: nyota moja tu, kromosomu (zinazobeba vinasaba) zimeizunguka, kugawana kumegoma.