Uwatu, balungi na mafuta ya damu

Assalaam alaykum wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu wa Chake Chake.

Najua wengi hapa mnaroweka uwatu usiku na kuunywa asubuhi ili kushusha mafuta ya damu. Siudharau hata kidogo. Kazi iko kwenye ule ute wa mbegu. Ini hutumia lehemu, yaani kolesteroli, kutengenezea nyongo. Nyongo ikishasaidia kuyeyusha mafuta ya chakula, sehemu kubwa hufyonzwa na utumbo ikarudi kwenye ini. Ute wa uwatu huinasa, ikatoka na choo. Ini likipungukiwa, huvuta lehemu kutoka kwenye damu litengeneze nyongo mpya. Basi anayechuja maji na kutupa mbegu, anatupa sehemu kubwa ya ute. Tafuneni na mbegu zenyewe.

Lakini uwatu hushusha sukari pia. Mwenye kisukari anayechoma insulini au kumeza vidonge vya glibenklamidi akiuongeza kimyakimya, anaweza kushikwa na kijasho, mtetemeko, hata kuzimia. Mwambieni daktari. Akikunja uso, mwambieni metformini, dawa ya kisukari anayoiandika kila siku, ilitokana na utafiti wa mmea wa Ulaya, Galega officinalis. Mmea wenyewe ulikuwa na sumu, wakemia wakatafuta kiambata kinachofanana na kile cha mmea huo, kisichodhuru vile, na Jean Sterne wa Ufaransa akachapisha matokeo ya kutibu wagonjwa nacho mwaka 1957.

Mdalasini wetu, wenye gome jembamba la tabaka nyingi, hauna shida kwenye chai. Ule mgumu mnene wa kasia una kemikali nyingi iitwayo kumarini. Ukinywewa kwa wingi kila siku unaweza kuumiza ini.

Linalonitia hofu zaidi ni balungi, kwa sababu hakuna anayelihesabu kuwa dawa. Kwenye ukuta wa utumbo kuna kimeng'enya kinachovunja sehemu ya simvastatini, dawa ya kushusha lehemu, kabla haijaingia kwenye damu. Balungi hukizima, na athari yake hupita siku moja. Kwa hiyo kunywa juisi asubuhi na kidonge usiku hakukuokoi. Dawa hujaa mwilini, misuli inaweza kuuma, ikaharibika, na mabaki yake yakaziba figo. Atovastatini, dawa ya jamii hiyohiyo, nayo huguswa, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi. Chungwa la kawaida halina tatizo hilo.

Sasa maswali. Mwenye vidonge vyake mkobani avilete hapa mezani, tusome majina pamoja.