Mtoto Asiyeulizwa Alikolala

MWALIMU: Assalamu alaykum, wasikilizaji wetu. Leo, tukiwa hapa Amu, yaani Lamu, tunamzungumzia mtoto anayetoroka kwao. Kwa niliyoyaona katika miaka yangu ya kufundisha, mtoto aliyetelekezwa hatoroki kwa siku moja.

BINTI: Wengi hudhani ni kipigo cha usiku mmoja, Mwalimu.

MWALIMU: Kipigo kipo, binti yangu, na njaa ipo. Lakini nilikuwa na mwanafunzi wa darasa la 5 ambaye shati lake lilifungwa kwa pini mahali pa kifungo, pini ile ile muhula mzima. Alianza kwa kuchelewa kurudi kutoka chuoni, yaani madrasa, akaona haulizwi. Kisha akalala kwa jirani, na alipoingia kwao asubuhi akawakuta wanakunywa chai, wala hakuna aliyeinua uso. Aliponisimulia alilia, akasema, "Hata hawakujua kwamba sikuwapo." Baada ya miezi michache alivuka kwa boti hadi Mokowe, akapanda basi la Mombasa.

BINTI: Basi usiku ule alikuwa akiwapima, aone kama atatafutwa.

MWALIMU: Ndivyo ninavyoamini. Nami pini ile niliiona, nikamkemea kwa kutokuwa nadhifu badala ya kumuuliza ni nani anayemfulia. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

BINTI: Nasi hukimbilia kusema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, kana kwamba mtoto ndiye aliyekataa kufunzwa. Tena tusichanganye kutelekeza na ufukara. Mama anayerudi usiku kutoka kuuza samaki, akamwamsha mwanawe kumuuliza kama amekula, hajamtelekeza, hata kama chungu ni kitupu. Ninayemhofia zaidi ni mtoto aliyeachwa kwa jamaa baada ya talaka, baba ameoa kwingine na mama ameolewa kwingine, na kila upande unadhani upande wa pili unamtazama.

MWALIMU: Na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 53, imewapa mama na baba wajibu ulio sawa wa kumlea, wawe wameoana au la. Talaka huvunja ndoa, haivunji uzazi.

BINTI: Nyumbani kwetu Malindi watoto wa namna hiyo huishia ufuoni. Mtoto ambaye hajaulizwa habari zake kwa mwaka mzima humwamini upesi mtu mzima wa kwanza anayemnunulia chipsi na kumuuliza jina lake, na baadhi ya watu hao huja baadaye kudai malipo ambayo mtoto hapaswi hata kuyajua. Ndiyo maana nawasihi majirani: mkiona mtoto analala ovyo, pigeni 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto, kabla hajaondoka.

MWALIMU: Na akirudishwa, asipokewe kwa bakora na maneno ya "umetuaibisha", kwa sababu atakuwa amethibitishiwa kile kile alichokikimbia.

BINTI: Yule wa pini alirudi, Mwalimu?

MWALIMU: Alirejeshwa, alhamdulillahi, na sasa yuko kwa bibi yake, mtaa wa Langoni. Kila jioni bibi humpakulia chakula, akakifunika kwa kawa, naye mwenyewe hali mpaka kijana afike.