Usiku wa Kuamkia Safari

Ndugu zangu, asanteni kwa kunialika. Nimeombwa niwaeleze ninyi mnaosimamia timu za kuratibu safari za kikazi jinsi kazi hii inavyokwenda. Nitaanzia usiku, maana huko ndiko nilikojifunza.

Tiketi imeandikwa: Jumanne tarehe 12, saa 00:15. Kwa Kiswahili hiyo ni saa sita na robo usiku. Sasa niambieni, msafiri aondoke nyumbani siku gani? Mtu akisikia "Jumanne usiku" anafikiria giza lile linaloingia baada ya kushinda Jumanne nzima. Basi anafanya kazi zake, anafunga sanduku, anafika uwanjani saa tatu usiku, na kwenye kaunta anaambiwa ndege yake iliruka karibu siku nzima iliyopita.

Kosa hilo lilitokea katika timu niliyoiongoza, tena mikononi mwa mratibu wetu hodari kuliko wote. Tiketi aliikata sawasawa na ratiba aliituma mapema. Alichokosa ni maneno manne tu, ambayo kila mmoja wetu hapa anayo tangu utotoni: usiku wa kuamkia Jumanne.

Tukanunua tiketi nyingine kwa bei ya dakika za mwisho. Nami nikamfokea yule dada mbele ya wenzake wote. Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu ile fokofoko ilitugharimu zaidi ya tiketi.

Wiki chache baadaye kijana mmoja alikata tiketi yenye jina lisilolingana na la kwenye pasipoti. Aliligundua kosa mwenyewe alasiri ileile. Akanyamaza. Alitumaini kwamba kesho atapata mtu wa kumsaidia kimyakimya kabla sijajua. Wenye uzoefu naona mmeshashika kichwa. Tiketi nyingi wakala anaweza kuzifuta siku ileile zilipokatwa, bila hasara au kwa ada ndogo. Siku ikifungwa, mambo yanageuka: sasa unaomba marejesho, unalipa faini, na nauli nyingi za bei nafuu hazirudishwi kabisa. Kosa ambalo saa kumi jioni lilikuwa jepesi, asubuhi lilikuwa deni. Kijana alikosea herufi. Ule usiku mzima tuliopoteza niliusababisha mimi, kwa sababu alikuwa ananiogopa.

Nilimwomba radhi yule dada, nikahakikisha walioshuhudia nikimfokea wanashuhudia na hilo. Kisha tukaweka utaratibu. Kila siku, saa moja kabla ya kufunga, tunakaa dakika kumi na kila mratibu anasema kama kuna kitu hana uhakika nacho. Hatuulizani nani kafanya. Tunauliza kama bado kinafutika. Mwanzoni walitazamana tu. Siku ya nne mmoja akasema, "Nadhani nimeweka mwezi usio sahihi kwenye tiketi ya kurudi." Tukaifuta, tukakata upya, tukaendelea. Nilipomshukuru, nilimaanisha.

Yapo mambo mengine ambayo yanahitaji jicho la pili. Kwetu hakuna tiketi inayokatwa na mtu mmoja. Mmoja anaisoma kwa sauti, mwenzake anafuata kwenye nakala ya pasipoti. Jina tunalichukua kwenye ile mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha, inayosomwa na mashine, wala si kwenye barua pepe ya mtu wala kwenye jina analoitwa ofisini. Hapohapo tunatazama tarehe ya mwisho ya pasipoti, kwani nchi nyingi zinataka ibaki na uhai wa miezi sita. Tunatazama pia viza ya kupita: anayebadilisha ndege Marekani, kwa mfano, hukaguliwa kama anayeingia, hata kama hatoki nje ya uwanja.

Neno la haraka kuhusu nafasi na tiketi, kwa wanaoanza. Nafasi iliyoshikwa, yaani kiti kilichowekwa bila kulipiwa bado, hutambulishwa kwa alama sita za herufi na namba, na mfumo utaifuta usipoilipia kwa wakati. Tiketi ina tarakimu 13. Mratibu akikwambia "tayari", mwombe zile 13.

Lipo jambo ambalo jicho la pili haliwezi kulitibu. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa anayechanjwa mara ya kwanza, huanza kutambuliwa siku ya 10 baada ya chanjo. Tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote, na hiyo ni nafuu kubwa, lakini zile siku 10 hazinunuliki. Idara ikikuletea safari ya wiki ijayo kuelekea nchi inayokidai, na msafiri hajawahi kuchanjwa, timu yako imeshashindwa kabla haijaanza. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya msimamizi iko nje ya ofisi yake: kwenda kwa wakuu wa idara, kukaa nao, kujua nani anategemewa kusafiri robo ijayo. Nimewaona wasimamizi wakiwalaumu waratibu kwa safari zilizoharibika kwenye meza ya mtu mwingine, na huwa nasikitika sana.

Sasa mnaniuliza, timu ipimwe kwa nini? Wengi wanahesabu tiketi zilizokatwa. Mimi nahesabu watu ambao bado hawajarudi nyumbani. Aprili 2010 volkano ya Eyjafjallajökull kule Iceland ilitoa majivu hadi anga ya sehemu kubwa ya Ulaya ikafungwa kwa siku kama sita, na safari za ndege zipatazo 100,000 zikafutwa. Siku kama zile mkurugenzi hakuulizi umeokoa kiasi gani kwenye nauli. Anakuuliza, "Watu wetu wako wapi?" Na yule aliyejinunulia tiketi mwenyewe mtandaoni kwa kuwa ilikuwa nafuu kidogo, jina lake halimo kwenye orodha yako. Ukiwaeleza wasafiri kwamba ndiyo sababu unawataka wapitie kwenu, wanaelewa. Ukiwaambia tu ni sera, watakukwepa.

Kila safari, basi, ina mwenyewe mpaka msafiri afike kwake. Zamu ikibadilika, anayeondoka anamkabidhi anayeingia kwa mdomo, jina kwa jina: huyu yuko angani, huyu anasubiri ndege ya kuunganisha na muda ni mfinyu, huyu mama yake mgonjwa, anaweza kutaka kurudi mapema. Na wa zamu ya usiku mpeni ruhusa ya kutumia fedha hadi kiwango mtakachokubaliana, bila kumwamsha mtu. Msafiri amekwama saa nane usiku, chumba cha mwisho cha hoteli kinachukuliwa na mwingine huku mratibu wako anasubiri upokee simu. Hiyo si haki kwa yeyote kati yao.

Yule dada niliyemfokea ndiye anayeongoza zamu ya usiku sasa. Yeye ndiye aliyebadilisha ratiba zetu, na sikumwelekeza. Zamani zilianza na saa ya ndege kuruka. Sasa mstari wa kwanza, juu kabisa, kabla ya namba ya ndege na kabla ya jina la uwanja, unasomeka hivi: "Ondoka nyumbani Jumatatu, saa mbili usiku."