Chuma Kilekile, Kazi Mbalimbali

Walimu wangu, wanafunzi na nyote mliofika, asanteni. Nimeombwa nizungumzie ayoni za metali, yaani atomu zenye chaji ya umeme, ndani ya protini. Zipo nyingi: zinki, shaba, magnesiamu, kalsiamu. Leo nitabaki na chuma, kwa kuwa ndicho kinachoonyesha waziwazi kwamba metali haijiamulii kazi. Anayeamua ni protini iliyoishika.

Mwili wa mtu mzima una chuma cha gramu 3 hadi 4 tu, na kama theluthi mbili zake zimo katika himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni. Humo, chuma hukaa katikati ya bamba dogo liitwalo himu, kimeshikwa na nitrojeni nne kandokando. Chini kinashikwa na histidini, mojawapo ya asidi amino za protini. Juu pameachwa wazi. Hapo ndipo oksijeni inapopanda mapafuni.

Itoe himu hiyo, uiweke peke yake kwenye maji yenye oksijeni. Upesi chuma kitapoteza elektroni moja, na kikishaipoteza hakishiki oksijeni tena. Ndani ya himoglobini kimefichwa katika mfuko unaoyakataa maji, kwa hiyo oksijeni hushikwa, husafirishwa, kisha huachiwa ikiwa vilevile. Kila nikilifikiria hili nastaajabu upya.

Sasa tazameni majirani wengine wa chuma. Katika katalesi, mojawapo ya vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali), chini yake ipo tairosini, asidi amino nyingine. Mkimwagia kidonda hidrojeni peroksaidi, povu lile ni kazi ya katalesi, inayoivunja kuwa maji na oksijeni. Katika vimeng'enya vya P450 vya ini, vinavyochakata dawa nyingi tunazomeza, ipo asidi amino sisteini. Na katika saitokromu c, protini nyingine yenye himu, pande zote mbili zimezibwa, histidini huku, asidi amino methionini kule. Chuma kinabaki kupokea elektroni na kuipitisha.

Naomba niseme na la jiko la mkaa, maana linaua. Kaboni monoksidi, gesi itokayo kwenye mkaa unaowaka, hukaa palepale pa oksijeni. Himu tupu, isiyo ndani ya protini, huishika kwa nguvu maelfu ya mara kuliko oksijeni. Himoglobini hupunguza pengo hilo: histidini ya pili, upande wa juu, huisaidia oksijeni kwa kifungo cha hidrojeni. Hata hivyo, kaboni monoksidi bado inaishinda kwa zaidi ya mara 200, nayo haina rangi wala harufu. Jiko linalowaka lisilale chumbani na watu, hata kwa baridi ya Njombe au Limuru.