Mkia wa Jina

Hamjambo wote. Nianze na panya.

Mwaka 2009 iliwekwa YouTube video ya katuni isiyo na rangi. Mickey Mouse anatembea, kichwa kakiinamisha, majumba yaleyale yanampita nyuma yake, yanarudi tena. Baadaye picha inapindapinda na sauti inageuka mayowe. Jina lake suicidemouse.avi. Ikavumishwa kuwa ni katuni ya miaka ya 1930 iliyofichwa, na kwamba mfanyakazi aliyeitazama mpaka mwisho alijiua.

Uzushi mtupu. Lakini hebu tazameni herufi tatu za mwisho. AVI ni muundo wa faili za video ulioletwa na Microsoft mwaka 1992. Na anayetazama video YouTube haoni mkia wa faili, yaani herufi zile baada ya nukta, hata chembe. Mtunzi aliubandika makusudi, ili kitu chake kinuke vumbi la diski ya mtu fulani. Hapo ndipo nilipompa heshima: ule mkia ndio mzimu wenyewe.

Wahalifu nao walishaujua mkia huo zamani. Tarehe 4 Mei 2000, kutoka Manila, kilitoka kirusi cha kompyuta kiitwacho ILOVEYOU, kilichosafiri kwa barua pepe. Kiambatisho kiliandikwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows ya siku zile, usipoibadilisha mwenyewe, ilificha mkia wa faili inalolitambua. Mtu akaona .TXT, akadhani ni maandishi tu, akabofya. Kumbe ni programu! Ikajituma kwa kila aliyemo kwenye orodha ya anwani zake za Outlook, programu ya barua pepe, ikaziharibu picha zake za JPEG, nyimbo za MP3 ikazificha. Ufilipino haikuwa na sheria iliyomfaa mtuhumiwa, mashtaka yakafutwa.

Wahalifu wa video walikuja na kirusi cha Zlob, kuanzia mwaka 2005. Unafungua video, haichezi. Kinajitokeza kidirisha: huna kodeki (programu ya kuichezesha video), pakua hapa. Ukipakua umemfungulia mwizi mlango, na mara nyingi hiyo video hata haikuwapo.

Lakini kinachonichekesha zaidi ni Good Times, mwaka 1994. Lilizagaa onyo: ukipata barua pepe yenye kichwa hicho usiisome, itafuta diski yako, na waambie wenzako wote. Kirusi hakikuwapo. Kilichosambaa ni onyo. Wenyeji wa Unguja na Pemba mliomo humu mnanielewa: jini Popobawa wa 1995 naye alidaiwa kumtaka aliyemwingilia akasimulie watu, la sivyo atamrudia.

Mafundi waliwacheka waliotishika. Kusoma barua tu, walisema, hakuwezi kuiambukiza kompyuta. Novemba 1999 kikatokea kirusi cha BubbleBoy. Hakina kiambatisho, ukiifungua barua kwenye Outlook, basi, kimeingia, na kinajituma kwa wenzako. Diski hakikuifuta. Kilikwenda mahali Windows inapohifadhi jina la mwenye kompyuta, kikalitoa, kikaandika BubbleBoy.