Mbu Anapita Mtambaa Panya

Shikamooni wakubwa zangu. Na nyinyi mafundi mliojificha nyuma, sogeeni. Leo ni siku yenu.

Wiki iliyopita nililala kwa shangazi. Nyumba mpya, tofali za kuchoma, bati linang'aa. Saa nne usiku, ukiweka kiganja ukutani unalikuta joto la mchana bado limo. Chandarua kipo, kimepigwa fundo, kinaning'inia juu kama mzinga wa nyuki. Shangazi, mbona hukishushi? "Mwanangu, humo nitachemka."

Mwaka 2004 Tanzania ilianzisha Hati Punguzo, wajawazito wakapata vyandarua kwa bei nafuu. Kazi kubwa ilifanyika, siibezi. Ila chandarua huning'inizwa chumbani, na chumba hicho kikiwa tanuri, hakitumiki.

Sasa mtazameni mbu. Anofelesi, yule mbu wa malaria, akifuata harufu ya mtu aliyelala, hukutana na ukuta, hupanda nao mpaka mtambaa panya, na kwenye ule uwazi kati ya ukuta na bati ndipo anapojipenyeza. Fundi atasema ziba. Haya, umeziba: mbu wamepungua, na hewa nayo imekwama. Shangazi anapiga fundo lake palepale.

Kwa hiyo napenda walichojaribu kijijini Magoda, Tanga: nyumba sita za mfano, kuta nyepesi zinazopitisha upepo, nyavu kila upenyo, nyingine zina vyumba vya kulala juu. Baadaye Mtwara zikajengwa nyumba 110 za ghorofa moja, familia zikapatikana kwa bahati nasibu ili watafiti walinganishe afya ya watoto wao na ya majirani. Jiko chini, kulala juu, maji ya mvua yanakingwa. Ghorofa kijijini, mtasema, anasa gani hii! Lakini Gambia walipoinua vibanda mita 3 kutoka ardhini, mbu walioingia walipungua kwa asilimia 84.

Wala wavu si ugunduzi wa jana. Mwaka 1900 madaktari Sambon na Low walikaa msimu mzima wa malaria karibu na Roma, usiku wakilala kwenye kibanda chenye nyavu. Hawakuugua.

Tatizo letu ni kwamba afya ina ofisi yake na ujenzi una ofisi yake. Nilipopeleka ramani yangu kupitishwa niliulizwa nondo, nikaulizwa shimo la maji taka. Nyavu? Hakuna aliyezitaja. Mimi ningeanza na hati punguzo ya wavu, wa dirishani na wa mtambaa panya, na malipo ya fundi yawemo humohumo.

Halafu uwe wa kuvulika, jamani. Dirisha moja la shangazi lina wavu. Nimeupitisha kidole kikatoka cheusi, vumbi na masizi matupu, upepo utapita wapi? Nikataka kuutoa niuoshe. Umepigiliwa misumari pande zote nne. Fundi wa nyumba ile kama yumo humu, tuonane kwenye chai.